Kulipa ili Ufanye Kazi ya Bure: Mwaka Mmoja na Tovuti ya Kujitolea

Sizoni ya Malindi ikifa huwa imekufa kweli. Pasaka ikipita Waitaliano wanarudi kwao, mvua za masika zinaanza, hoteli zinafungwa moja baada ya nyingine, na sisi wa jikoni tunaambiwa tuonane Julai. Mimi ni mpishi. Miaka tisa nimepika tambi, sugo (mchuzi wa Kiitaliano) na pweza katika hoteli moja ya barabara ya Casuarina, na kila mwaka miezi miwili mpaka mitatu nakaa nyumbani Maweni nikihesabu matone ya mvua. Kiitaliano nimekiokota humo humo jikoni: matusi kwanza, kisha majina ya vyombo, lugha yenyewe ikaja mwisho.

Mwishoni mwa 2024 niliapa kwamba masika ijayo hainikuti Maweni. Nilitaka kusafiri, na kwa kuwa pesa ya kulala hotelini sina, nikaamua kutafuta mahali nitakapopika kwa saa chache kwa siku nipewe kitanda na chakula. Nilipomwambia mama, aliacha kukuna nazi akanitazama.

"Mwanangu, kwani hapa Malindi kazi za bure zimekwisha?"

Wazo lenyewe nilikuwa nimelipata kwa wageni. Vijana wengi wa Ulaya hufika huku kujitolea, wengine kwa ajili ya kasa kule Watamu, wengine mashuleni. Binti mmoja wa Milano aliniambia amelipa kampuni ya kwao zaidi ya euro elfu moja kwa wiki tatu, nauli ya ndege mbali, ili aje apake rangi darasa. Nilicheka mpaka mwiko ukaniponyoka. Fundi rangi wa mtaani kwetu Kisumu Ndogo angelimaliza darasa lile kwa siku mbili, na angetutolea chenji. (Wale wanaolipa kwenda kucheza na watoto kwenye makao ya watoto ni habari nyingine. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na aliyewahi kuona jinsi watoto wenye wazazi wao hai wanavyokusanywa kwa ajili ya wageni hataniuliza kwa nini.) Wakati ule nilidhani kulipia kazi ya bure ni maradhi ya Wazungu peke yao.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa wakala mmoja hapa mjini, ghorofani, mwenye picha ya mnara wa Eiffel ukutani. Alitaka shilingi 35,000 za "kushughulikia nafasi ya bure". Nikamuuliza, nikinyimwa viza je? "Hiyo sasa ni riziki, dadangu." Nikashuka ngazi.

Ndipo nikajiunga na tovuti ninayoitathmini hapa, inayowakutanisha wasafiri na wenyeji wanaotoa kitanda na chakula kwa saa chache za kazi. Jina sitalitaja, maana nina malalamiko yangu, na isitoshe tovuti hizi zinafanana kama maandazi ya karai moja. Mwenyeji hujiandikisha bila malipo. Msafiri ndiye anayelipa ada ya mwaka. Workaway, tovuti nyingine ya aina hii, nao msafiri hulipa ada ya mwaka, na mwongozo wao ni kazi isiyozidi saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki. Kundi kongwe ni WWOOF, la kujitolea kwenye mashamba yasiyotumia kemikali. Lilianzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetaka kutoka mjini wikendi, akawapeleka wenzake wachache kwenye shamba moja Sussex. Siku hizi nchi nyingi zina WWOOF yake na ada yake, kwa hiyo ukilipia Italia hujalipia Ureno. Sikujua hilo, na karibu nilipie nchi mbili kwa usiku mmoja.

Malipo ya tovuti yangu ni kwa kadi tu. M-Pesa hawaijui. Nilifungua kadi ile ya mtandaoni ya GlobalPay, inayochota pesa kutoka M-Pesa, ikakataa mara mbili, ya tatu ikapita, na papo hapo nikaandikiwa kwamba uanachama utajilipia wenyewe mwakani nisipouzuia. Kitufe cha kuuzuia nilikipata siku ya nne, kimefichwa chini ya "mapendeleo ya mawasiliano". Aliyekificha alijua anachofanya.

Ukishaingia, haki yao niwape: tovuti ni nzuri. Wenyeji ni maelfu, kila mmoja na picha za chumba, saa za kazi, chakula kinachotolewa, na maoni ya waliompitia. Hayo maoni ndiyo mali yenyewe ya ile ada. Nilijifunza kuyasoma kama ninavyosoma macho ya samaki sokoni. Mwenyeji anayesifiwa kwa "mandhari" na wageni watano mfululizo bila hata mmoja kutaja chakula, huyo analisha vibaya. "Jiandae kuwa mvumilivu" maana yake saa tano zitakuwa tisa. Na kama wasichana waliokaa peke yao wote wameondoka mapema bila kuandika kitu, funga ukurasa.

Kasoro kubwa ni kwamba unaweza kuchuja kwa nchi, kwa aina ya kazi, hata kwa kama kuna paka, lakini huwezi kuchuja kwa pasipoti. Tovuti inamchukulia kila msafiri kana kwamba anaamka asubuhi, anapanga begi, anaondoka. Suala la viza limeandikwa mstari mmoja: mwanachama ahakikishe mwenyewe. Kwa mtu wa Milano mstari huo ni tanbihi. Kwa mtu wa Malindi ndio safari yote.

Niliandika barua 46. Nilizihesabu kwa sababu kila moja niliitunga upya kwa Kiitaliano, nikitaja mbuzi wa huyu na tanuri ya yule. Tisa walijibu. Wanne kati yao waliuliza swali moja tu: una pasipoti ya Ulaya? Wawili walitaka mtu wa msimu wa mizeituni, Oktoba na Novemba, ambapo mimi hotelini ndio tunafungua friji kujiandaa na Krismasi. Watatu walikubali. Mmoja wao alikuwa bibi wa mkoa wa Marche, Italia, mwenye nyumba ya wageni na bustani ya mboga. Tulielewana sana, tuliandikiana wiki tatu juu ya namna ya kukausha nyanya. Nikajiona nimeshafika.

Kisha nikakaa na kalamu. Pasipoti ya kurasa 34, shilingi 7,500, na safari ya Mombasa kuifuata. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isiyopungua fidia ya euro 30,000. Kwenda Nairobi kupeleka karatasi na kuacha alama za vidole. Taarifa za benki kuonyesha nina pesa za kujikimu. Hapo nilicheka peke yangu: nithibitishe nina pesa ili niruhusiwe kwenda kufanya kazi ambayo naifanya kwa sababu sina pesa. Na hata ningezipata, viza ya utalii ni ya utalii. Nchi nyingi zinahesabu kupika kwa malipo ya kitanda na chakula kuwa ni kazi, hata kama senti haijapita mkononi. Uingereza angalau wameandika waziwazi: mgeni wa matembezi anaruhusiwa kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa, kwa siku zisizozidi 30. Nyumba ya wageni ya mtu si shirika la hisani.

Nilimweleza yule bibi ukweli, nikamwomba barua ya mwaliko. Alijibu kwa upole kwamba mwanawe, ambaye ni mhasibu, amemshauri asijiingize. Sikumlaumu. Hata sisi hapa mgeni anayekuja kujitolea anatakiwa awe na kibali cha uhamiaji, si ile idhini ya kusafiri ya mtandaoni peke yake, na wengi wanaojitolea fukweni hawana habari.

Wapo wanaokusafirisha bure kweli, bila ada ya uanachama. Wajerumani wana mpango wa weltwärts, ambao tangu 2013 unawapeleka pia vijana wa nchi zetu kufanya kazi za kujitolea Ujerumani kwa mwaka, na posho wanapewa. Mwisho wa umri ni miaka 28. Mimi nina 31. Mpango wa wafanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa nao hawatozi kitu kwa kuomba, lakini nafasi zao nyingi zinataka vyeti, na cheti changu kikubwa ni kovu la mafuta kwenye mkono wa kushoto.

Basi nikageuza ramani. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tovuti haikunishauri hilo; nilishauriwa na kondakta wa basi. Nikatafuta Uganda, nikapata hosteli moja Jinja, karibu na pale mto Nile unapotoka ziwani. Walihitaji mpishi wiki tano, Mei na Juni 2025. Mwenye hosteli, mama wa makamo, alijibu siku hiyo hiyo na akaahidi kunishughulikia kibali cha muda. Alitimiza. Nikachanja homa ya manjano, nikapata kadi yake, nikapanda gari: Malindi, Mombasa, Nairobi, Busia, Jinja. Kwenda na kurudi nauli haikufika shilingi 12,000. Afisa wa mpakani aliponiuliza nakwenda kufanya nini nikamwambia nakwenda kupika bure. Akamwita mwenzake aje anione.

Wiki ya kwanza ilikuwa asali. Saa tano jikoni, kisha natembea mtoni, nakula ile chapati yao ya kukunjwa na mayai wanayoiita roleksi. Niliwapikia nyoki, yale madonge madogo ya Kiitaliano, za matoke badala ya viazi. Zilishika vizuri ajabu, kwa mchuzi wa karanga zikawa bora kuliko za hotelini kwetu, na hili mpishi mkuu wangu asilisome. Nazi tu ndiyo ilinitesa. Nilimaliza soko zima kutafuta moja, nikaipata kavu kama jiwe.

Wiki ya pili nikagundua jambo. Palikuwa na dada mmoja anayeosha vyombo na kusaidia kupika, anayelipwa kwa siku. Kabla sijafika alikuwa akija siku sita. Sasa anaitwa siku tatu. Jioni moja tukisugua sufuria, aliniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Dada, wewe wanakupa ngapi?"

"Sipewi. Nalala na kula tu."

"Kumbe. Ndiyo maana."

Akaendelea kusugua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nimeifanya kwa yule dada hesabu ile ile ya fundi rangi wa Kisumu Ndogo, niliyoichekea mpaka mwiko ukaanguka. Asubuhi nikamwambia mwenye hosteli. Alishangaa, kwake yeye tovuti ndiyo inayosema mambo yaende hivyo, na hosteli nyingine zinafanya vilevile. Tukabishana kidogo kwa heshima. Akamrudishia dada siku moja, zikawa nne. Mimi saa zangu zikaongezeka mpaka nane kwa sababu mpishi wa usiku aliacha kazi, na safari hii sikusema kitu, jambo ambalo bado linanikera.

Kwenye maoni yangu ya tovuti nililiandika suala la dada huyo kwa ustaarabu, bila jina. Msimamizi akaniandikia kuwa sehemu hiyo "haihusu uzoefu wa msafiri", wakaikata. Wakaacha niliyoandika juu ya nyoki na mto.

Kwa hiyo nyota zangu ni mbili na nusu. Moja ni ya maoni ya wasafiri, ambayo kweli yamenilinda nisiende mahali pabaya, na kwa mwanamke anayesafiri peke yake hilo si dogo. Moja ni ya huduma ya ujumbe, inayofanya kazi hata kwenye simu yangu iliyopasuka kioo. Ile nusu ni ya Jinja. Zilizobaki wamezipoteza kwa kadi, kwa kitufe kilichofichwa, kwa mkasi wao, na kwa kujifanya hawajui pasipoti ni nini. Mwenye pasipoti nyekundu ya Ulaya labda atawapa tano, naye hatakuwa anasema uongo. Mkenya anayetaka kuzunguka Afrika Mashariki sioni sababu ya kulipa: tafuta hosteli kwenye ramani ya simu, waandikie moja kwa moja, sema unajua kufanya nini na kwa wiki ngapi. Rafiki yangu mshonaji wa mtaa wa Barani hapa Malindi amefanya hivyo akapata mahali Kigali bila kulipa ndururu. Na popote utakapokwenda, kabla hujakubali, uliza ni nani anayeifanya kazi hiyo sasa hivi na analipwaje. Mimi sikuuliza.

Uanachama wangu umeisha Novemba. Siku chache baadaye mwenye hosteli wa Jinja alinipata kwa WhatsApp, nje ya tovuti, akataka nirudi Mei. Nimemjibu nitakuja, ila yule dada awe amerudishiwa siku zake zote sita, nami nipike mchana tu na kumfundisha nyoki ili azipike yeye nikiondoka. Nimeona zile alama mbili za buluu. Bado hajajibu.