Tairi pana nyuma, nyembamba mbele: usinunue kwa namba ya kwanza pekee

Taa ya ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame, iliwaka nikiwa Gede, nikitoka Watamu, na tairi mbili mpya za nyuma hazijamaliza hata siku tatu. Nikasimama kando, nikazima gari, nikaliwasha tena. Taa ikatulia hadi karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, kisha ikawaka tena na haikuzimika mpaka nyumbani. Na kila tuta nililopita, nyuma nilisikia mkwaruzo wa mpira ukigusa plastiki.

Gari lenyewe ni Mercedes SLK 230 ya mwaka 1998, lile lenye paa la chuma linalojikunja na kuingia ndani ya buti. Nililinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Casuarina arudi kwao. Malindi yamebaki magari mengi ya namna hii: ya zamani, mazuri, bei yake si ya kutisha, na tairi zake za mbele na za nyuma hazilingani. SLK ya umbo hili, iliyotengenezwa Bremen kuanzia 1996 hadi 2004, mbele huvaa 205/55R16 (205 ni upana wa tairi kwa milimita, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi) kwenye rimu ya upana wa inchi 7, na nyuma 225/50R16 kwenye rimu ya inchi 8. Injini iko mbele ila magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo nyuma pamepewa mpira mwingi wa kushika lami.

Kosa langu lilianzia dukani. Tairi za mbele zilikuwa na meno kama milimita 3 hivi, nikaona zitavuta mwezi. Za nyuma ndizo zilizokwisha kabisa. Nikaomba 225/50R16. Kijana akaingia stoo, akatoka na 225/55R16, akaniambia, "Dada, hii na hiyo ni ndugu, tofauti ni tano tu." Upana ni ule ule, rimu ni ile ile 16, mimi nikaona sawa. Nikalipa shilingi elfu thelathini na sita kwa jozi, zikavalishwa, nikaondoka.

Hiyo tano ndiyo iliyonitoa jasho wiki mbili. Fundi wa umeme wa kwanza alisema ni sensa ya nyuma kushoto, ile inayohesabu mizunguko ya gurudumu, akabadilisha. Taa ikarudi. Wa pili akasema ni ya mbele kulia, naye akabadilisha. Taa ikarudi. Hakuna kati yao aliyeinama kusoma ubavu wa tairi, ingawa wote wawili walipiga jeki na kulivua gurudumu kwa mikono yao.

Nitaliandika kwa hesabu kwa sababu hili ndilo nililokuja kusema, na wauzaji hawalisemi. Namba ya pili kwenye tairi si milimita. Ni asilimia ya namba ya kwanza, nayo hukupa urefu wa ubavu. Chukua 205, tafuta asilimia 55 yake: unapata milimita 112.75. Chukua 225, tafuta asilimia 50: unapata 112.5. Robo ya milimita tu! Wajerumani hawakubahatisha. Walipanua tairi ya nyuma wakapunguza asilimia, ili magurudumu yote manne yawe na kimo kimoja na yazunguke sawa. Sasa chukua 225 na asilimia 55: 123.75. Ubavu umepanda milimita 11, na kwa kuwa kuna ubavu juu na ubavu chini, gurudumu zima limekua milimita 22.

Ongeza na zile za mbele zilizochakaa. Tairi mpya huja na meno ya milimita 8 hivi. Zikibaki 3, gurudumu limepungua milimita 10 kwa kimo. Kwa hiyo nyuma nilikuwa nimepandisha na mbele pameshuka, siku moja hiyo hiyo.

ABS haina macho ya kuona lami, kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Ya mbele yakizunguka mbio kuliko ya nyuma, kwa upande wake hiyo ni dalili kwamba ya nyuma yanakwama. Ikiona hivyo barabara nzima, wakati hakuna aliyegusa breki, inaamua kuna kitu kibovu na kuwasha taa.

Nililithibitisha kwa chaki. Asubuhi moja, kabla bodaboda hazijaanza, nilichora mstari chini kabisa ya tairi ya mbele, pale mpira unapokutana na lami, na mstari mwingine kwenye lami yenyewe. Nikafanya vivyo hivyo nyuma. Gari nikaliweka nyutro, mpwa wangu akasukuma polepole, mimi natembea kando nimeinama, nahesabu kila mara chaki inapogusa chini. Mizunguko kumi ya mbele ilifika mita 18 na sentimita 97. Mizunguko kumi ya nyuma ilifika mita 19 na sentimita 94. Mpwa wangu hakuamini, tukarudia. Sentimita 97 tena. Ukipiga hesabu hadi kilomita moja, gurudumu la mbele lilikuwa likizidi la nyuma kwa mizunguko 25 hivi. Sensa mbili zimekwenda bure.

Jaribio hili halina gharama. Mwenye gari la tairi mbili tofauti alifanye kabla hajampa fundi wa umeme hata senti.

Tahadhari moja: si kila gari limeundwa kimo sawa. Toyota MR2 za miaka ya tisini zenye rimu za 15 huvaa 195/55 mbele na 225/50 nyuma, na hapo nyuma imezidi kwa milimita 10 kutoka kiwandani. Nissan 300ZX ya turbo mbili ni 225/50 mbele na 245/45 nyuma, zote 16, na nyuma imepungua kidogo. Kwa hiyo usijaribu kusawazisha kwa nguvu. Piga hesabu ya kiwanda ya gari lako, halafu jozi yoyote unayouziwa ipimwe kwa tofauti hiyo.

Sasa uchaguzi, kuanzia ninaoupenda zaidi. Natumia SLK kwa mfano kwa sababu ndiyo niliyoilipia.

Wa kwanza, na sioni wa kushindana naye kwa barabara zetu, ni ule ule wa kiwanda: 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, zote nne za kampuni moja na aina moja, zimenunuliwa siku moja. Kampuni moja nasisitiza, maana namba zikiwa sawa bado kila kiwanda kina kalibu yake. 225 ya huyu ni nono kuliko 225 ya yule, na kimo hutofautiana milimita kadhaa. Ukichanganya kampuni mbele na nyuma, hesabu yote niliyoandika hapo juu inakuwa makisio.

Mimi ni mtu wa Bridgestone na sitaificha. Pikapu ya marehemu baba ilikuwa nazo, ikibeba maembe kutoka Marafa kwenye njia ya mawe miaka na miaka, na sikumbuki kuona hata moja imevimba ubavu. Aliyeianzisha mwaka 1931 aliitwa Shojiro Ishibashi, na jina lake la ukoo maana yake ni daraja la mawe, ndipo akaligeuza la Kiingereza. Kwa SLK nataka zile za Potenza, tairi zao za magari ya mbio. Ubavu wake ni mgumu, gari likiingia kona ya mzunguko halilegei nyuma. Kuna watakaosema Michelin inadumu zaidi, na wengi hapa watasema Pirelli kwa mapenzi ya Utaliano. Sibishani nao, mradi wanunue nne.

Shida ya chaguo hili ni ile ya nyuma. 205/55R16 utaipata popote, maana Golf na Mazda nyingi zinaivaa. 225/55R16 nayo ipo kwa ajili ya Mercedes E-Class za zamani, ndiyo maana nilipewa hiyo. Lakini 225/50R16 ni adimu, na kitu adimu hukaa rafuni. Kwa hiyo soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3419 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka sita dukani huku kwetu, kwenye joto na hewa ya chumvi, umeshaanza kukauka hata kama haujawahi kugusa lami. Usione haya kuomba tochi, na kama tarakimu ziko upande wa ndani, igeuze.

Wa pili ni 225/50R16 kote kote. Rimu ya mbele ya inchi 7 inaikubali, kimo hakibadiliki, taa haitawaka. Kinyume chake hakiwezekani: 205/55 isiwekwe kwenye rimu ya nyuma ya inchi 8, imezidi upana tairi hiyo inaoruhusiwa, hata fundi akikuonyesha kwamba imekubali kukaa. Ila jua unachobadilisha. Mbele pakipata mpira sawa na nyuma, gari huwa jepesi kuingia kona na mkia nao huwa mwepesi kutoka. Mwezi wa tano, mvua ikinyesha na mchanga umesambaa juu ya lami, mimi sitaki mkia mwepesi.

Wa tatu ni inchi 17: 225/45 mbele na 245/40 nyuma, kama SLK 32 AMG ilivyotoka kiwandani. Kwa macho ni zuri mno, na hesabu yake ni safi, tofauti ya mbele na nyuma ni milimita 6 na nusu tu. Lakini ubavu wa nyuma unabaki milimita 98. Shimo moja lenye ukingo mkali ukiwa mwendo wa 80 na rimu imepinda. Anayekaa mjini na kutoka jioni kwenda Lamu Road na kurudi, sawa. Anayeshuka Mombasa kila wiki, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, abaki na 16.

Tairi za bei rahisi na za mtumba: za mtumba sizinunui kwa gari la mbio, kwa sababu hujui zilipigwa wapi. Za bei rahisi zenye namba sahihi, zote nne sawa, ni bora mara mia kuliko ghali zisizolingana. Basi.

Na hapa niwaambie wauzaji jambo, maana nimelibeba muda mrefu. Ukifika na gari lisilo na paa, bei hupanda kabla hujazima injini. Nimeuliza tairi moja ile ile kwa simu asubuhi, nikaenda mwenyewe mchana, ikawa imeongezeka elfu tatu. Nikiuliza sababu naambiwa "mama, hili gari la Wataliano." Gari ni langu, na tairi ya mbele ni ile ile ya Golf ya jirani. Kisha huniambia nimtume mzee wangu aje wazungumze naye. Tangu kiwanda cha Yana cha Nairobi kilipoacha kutengeneza tairi mwaka 2016, karibu kila tairi tunayovaa inaletwa kwa meli, na bei imekuwa hoja ya dola na bandari. Hayo nayaelewa. Kutoza kwa kumtazama mteja siyaelewi, na kumtolea namba isiyo sahihi ili mzigo utoke stoo ni kumhatarishia maisha.

Siku hizi naagiza Mombasa kwa karatasi: namba zote tatu za mbele, namba zote tatu za nyuma, jina la kampuni, na mstari unaosema asibadilishe bila kunipigia. Nikifika kwa mtu wa panchari nakaa kwenye kibao chake mpaka amalize. Wengi wana mazoea mazuri ya kuzungusha tairi, za mbele nyuma na za nyuma mbele, ila kwa gari hili mazoea hayo ni sumu. Na kama ubavuni kuna mshale unaoonyesha tairi izunguke upande gani, hata kushoto na kulia hazibadilishani.

Nilipovalisha nne mpya za saizi ya kiwanda nilirudi na chaki mahali pale pale. Mizunguko kumi, tofauti ya sentimita 2. Taa haijawaka tena.

Zile 225/55R16 mbili ziko stoo kwangu, zimetembea kilomita zisizofika 900, meno yote yapo. Mwenye E-Class hapa Malindi anayezihitaji aje azione, na tarakimu zake za DOT nitamwonyesha mwenyewe.