Filta za nanomita 7 kwa nebula chini ya anga la mji: uzoefu wangu

Seti hii ya kupigia picha nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, ina filta tatu za milimita 36, kila moja ikipitisha mkanda wa mwanga wenye upana wa nanomita 7 tu: H-alpha ya hidrojeni (656.3), OIII ya oksijeni (500.7) na SII ya salfa (671.6 na 673.1); namba hizi ni urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita. Nimeitumia na kamera ya monokromu (isiyoona rangi) inayopoozwa hadi nyuzi -10, darubini ya lenzi ya f/5 (urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo cha lenzi) na stendi ya ikweta, inayozunguka kufuata mwendo wa anga, yenye kamera ndogo ya kufuatilia nyota. Anga ni la mjini, taa za LED kila upande.

Mnunuzi ajue kwanza filta hizi zinafanya nini. Haziongezi mwanga wa nebula hata chembe. Zinalitia anga giza. Hidrojeni ya nebula hung'aa kwenye mstari mwembamba sana wa rangi, ilhali LED nyeupe humwaga mwanga karibu kwenye rangi zote. Ndiyo maana filta za zamani, zilizotengenezwa kukata taa za sodiamu kwenye 589, hazifui dafu tena. Ya nanomita 7 hupitisha mstari wa nebula pamoja na kipande kidogo tu cha mwanga wa mji. Ya nanomita 3 hupunguza kipande hicho kwa zaidi ya nusu.

H-alpha ni bora kabisa, na ndiyo ya kununua kwanza kama pesa haitoshi kwa zote. Hata mwezi mpevu ukiwa juu, nebula za Rosette na Carina (NGC 3372) hutoka na nyuzi zake za gesi zikiwa wazi. Fremu (picha moja moja) za sekunde 300 zinatosha kwa f/5. Angalia histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa pikseli, kilima chake kiwe kimeachana na ukingo wa kushoto. Kama bado kimeubana, ongeza muda wa fremu, la sivyo chengachenga za kamera yenyewe zitaifunika nebula.

Kwenye OIII ndipo mbivu na mbichi zinapojulikana. Mwanga wa mwezi unaotawanywa na hewa umeelemea bluu, na LED nazo hutoa mwanga karibu na 500, kwa hiyo nanomita 7 hapa ni pana mno. Ninapiga OIII mwezi ukiwa umetua tu, na kitu kikiwa juu sana angani. Kasoro ya pili ni duara la mwanga linalozizunguka nyota kali: mwanga unadundadunda kati ya filta na kioo cha sensa. Upande unaong'aa kama kioo uelekee darubini. Ukiufunga kinyume, duara huwa kubwa zaidi. Hata ukifunga sawasawa haliishi lote. Ningeanza upya, ningechukua H-alpha na SII za 7 lakini OIII ya 3.

Tahadhari kwa wenye darubini za f/2: pembezoni mwa koni ya mwanga unaokusanywa na darubini, mwanga huingia kwa pembe ya nyuzi 14 hivi, na mkanda wa filta husogea kuelekea bluu kwa nanomita kadhaa. Filta nyembamba ya kawaida itaukosa mstari wa nebula, kwa hiyo tafuta zilizotengenezwa kwa f/2. Kwenye f/5 kusogea huku hakufiki nanomita 1.

Fokasi irekebishwe kila unapobadili filta, kwa barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mianya kinachoonyesha kama fokasi iko sawa) na nyota kali, na tena joto la usiku linaposhuka. Fremu za flati (picha za uso wenye mwanga sawa, za kusahihisha vivuli vya vumbi) zipigwe kwa kila filta peke yake, kwa sababu kila moja ina vumbi lake. Paneli ya LED nyeupe ina mwanga hafifu sana kwenye 672, hivyo flati za SII zitahitaji sekunde kadhaa. Usishtuke, ongeza muda tu. Kati ya fremu sogeza darubini pikseli chache, vinginevyo chengachenga zitajipanga mistari fremu zikirundikwa kuwa picha moja.

Ukiunganisha kwa mpangilio wa Hubble (SII nyekundu, H-alpha kijani, OIII bluu), picha itakuwa kijani tupu, maana H-alpha huzidi nguvu. Nyoosha mwangaza wa kila chaneli (picha ya kila filta) peke yake kabla ya kuziunganisha, na ukiweza toa nyota kwanza. Siril, programu ya kuchakata picha za anga ambayo ni ya bure, inatosha kwa kazi hii.

Kwa Kilimia na galaksi, ziache filta hizi kwenye kasha. Vumbi la Kilimia linaakisi mwanga wa nyota wa rangi zote, kwa hiyo filta hulikata pamoja na mwanga wa mji.

Mwenye kamera ya rangi asinunue seti hii. H-alpha humfikia kwa pikseli nyekundu tu, robo ya sensa nzima. Filta moja ya mikanda miwili, H-alpha na OIII kwa pamoja, itamfaa zaidi. Na kamera ya kawaida ambayo filta yake ya kiwandani haijaondolewa huzuia sehemu kubwa ya 656, kwa hiyo mwenye kamera hiyo aanze kwa kuiondoa filta hiyo kabla ya kununua chochote.