Morogoro Stores au Nafasi: mchoraji chipukizi aanzie wapi?

Ukiwa mchoraji kijana Dar es Salaam, wakubwa watakutajia milango miwili. Wa kwanza ni Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Pale hakuna kusubiri siku ya ufunguzi wa maonyesho: picha zimetundikwa hadi nje, na mchoraji ameketi chini, kopo la rangi ya mafuta kando yake, akimtia chui madoa moja moja kwa ncha ya brashi. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa uchoraji, alifariki mwaka 1972, lakini ufundi unarithishwa vilevile, mwanafunzi akikaa ubavuni mwa fundi. Mkono unakomaa, na mteja unamwona uso kwa uso. Shida ni kwamba watalii wanataka tembo na twiga walewale, na tumbo likidai, ni vigumu kukataa.

Mlango wa pili ni Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoanza 2008 huko Mikocheni. Studio zake ni makontena, na kuna ukumbi ambamo kazi moja inaweza kupewa ukuta mzima. Huko unaulizwa unataka kusema nini. Mauzo hayaji kila siku.

Mdogo wangu ningemwanzisha Morogoro Stores, ajifunze subira ya yale madoa, kisha abebe picha iliyotoka kichwani mwake aipeleke Mikocheni.