FortiGate 60F na uthibitishaji wa watumiaji: kizuri, ila usikiamini kinavyotoka kiwandani

Kwa ofisi ndogo au ya wastani yenye Active Directory (saraka ya Microsoft ya akaunti za watumiaji), FortiGate 60F, faiawoli ya kulinda mtandao kutoka Fortinet, humtambua kila mtumiaji kwa jina lake badala ya anwani ya IP, bila leseni ya ziada. Njia za kumthibitisha mtumiaji, yaani akaunti za ndani, LDAP (kuuliza saraka), RADIUS (kuuliza seva ya uthibitishaji), SAML (kuingia kupitia huduma nyingine ya utambulisho) na FSSO (kumtambua aliyekwisha ingia kwenye kikoa), zote zimo ndani ya FortiOS, mfumo endeshi wa kifaa. Hapo kifaa kinastahili sifa. Kasoro ni kwamba mipangilio kadhaa ya mwanzo humfanya fundi adhani amefunga mlango, kumbe ameurudishia tu.

Tuanze na LDAP, njia inayotumiwa na wengi. Kitambulisho cha jina huja kikiwa `cn`, maana yake mtumiaji aandike jina kamili kama lilivyo kwenye saraka. Weka `sAMAccountName`, aingie kwa jina lile lile analofungulia kompyuta yake. Akaunti ya kusomea saraka iwe ya mtumiaji wa kawaida wa kikoa. Wanaoweka akaunti ya msimamizi mkuu wanakosea vibaya, kwa sababu nenosiri lake linabaki ndani ya faili la mipangilio ya faiawoli, na faili hilo hunakiliwa huku na huko.

Usiishie kwenye poti 389, maana manenosiri hupita waziwazi. Tumia LDAPS (LDAP iliyosimbwa), poti 636, na upakie cheti cha CA, yaani mamlaka ya vyeti, iliyosaini cheti cha seva. Wengi hukwama hapa: FortiGate hulinganisha jina la seva na jina lililomo kwenye cheti, kwa hiyo ukijaza anwani ya IP huku cheti kina jina la DNS, muunganisho unakataliwa. Andika jina kamili la seva, kisha hakikisha faiawoli inatumia DNS ya ndani inayolijua jina hilo.

Kabla ya kugusa sera yoyote (kanuni ya faiawoli ya kuruhusu au kuzuia trafiki), pima kwa `diagnose test authserver ldap`, ukifuatisha jina la seva, la mtumiaji na nenosiri. Ikigoma, washa `diagnose debug application fnbamd -1` na `diagnose debug enable`, halafu usome msimbo unaotoka Active Directory: `52e` ni jina au nenosiri lisilo sahihi, `532` ni nenosiri lililokwisha muda, `775` ni akaunti iliyofungwa. Uwazi huu ni miongoni mwa mambo bora kabisa ya FortiOS.

Kwenye vikundi ndipo penye hatari. Ukiongeza seva ya LDAP kwenye kikundi bila kutaja kikundi cha saraka, kila mwenye akaunti kwenye saraka hiyo anahesabiwa kuwa mwanachama, wakiwemo vibarua na akaunti za printa. Hatari huongezeka ukiweka uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo mtumiaji huulizwa pia tokeni, yaani namba ya muda mfupi. FortiOS hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika jina la mtumiaji wa ndani, lakini Active Directory haitofautishi. Mtu aliyesajiliwa kama `asha` mwenye tokeni akiandika `Asha`, faiawoli haimwoni kwenye orodha ya ndani. Inamtafuta kupitia kikundi cha LDAP, inampata, na anaingia bila kuulizwa tokeni. Udhaifu huo umesajiliwa kama CVE-2020-12812, na mwaka 2021 FBI na CISA, shirika la Marekani la usalama wa mtandao, ziliutaja kati ya zile zinazotumiwa na wavamizi. Kusasisha toleo peke yake hakutoshi: kwa kila mtumiaji wa ndani andika `set username-sensitivity disable`, na uondoe kikundi cha LDAP kisicho na kazi. Tokeni za simu za bure ni mbili tu. Zaidi ya hapo unanunua.

Kwenye sera, kumbuka kwamba ukiwa na sera nyingine inayoruhusu trafiki ile ile bila kudai jina, watu watapitia hiyo na ukurasa wa kuingia hautatokea kamwe. Ifute, au weka `set auth-on-demand always` chini ya `config user setting`. Ruhusu DNS pia, la sivyo kivinjari hakifiki popote pa kuelekezwa. Muda wa mwanzo wa kukaa kimya bila kutolewa ni dakika 5, mfupi mno kwa ofisi. Watu watalalamika kutwa nzima.

FSSO huwaondolea watumiaji ukurasa huo kabisa, na inafanya kazi vizuri mradi DNS ya ndani iwe safi. Kompyuta ya mkononi ikihama kutoka waya kwenda Wi-Fi huku rekodi yake haijabadilika, mwenyewe anapoteza intaneti ghafla. Akaunti za huduma, kama za chelezo na antivirusi, ziwekwe kwenye orodha ya kupuuzwa, la sivyo zitafunika jina la mtu aliyekaa mezani.

RADIUS inakwenda vizuri kwa poti 1812. Ila baada ya udhaifu wa BlastRADIUS wa Julai 2024, FortiOS 7.2.10 na 7.4.5 zinadai sifa ya Message-Authenticator, alama inayothibitisha kwamba ujumbe haukuchezewa. Ukipandisha toleo kabla ya kusasisha seva yako ya RADIUS, iwe NPS ya Microsoft au FreeRADIUS, watumiaji wote wanakataliwa asubuhi moja.

Kwa mnunuzi, jambo zito kuliko yote ni VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. 60F ina RAM ya GB 2, na kuanzia FortiOS 7.6.0 vifaa vya kundi hilo vimeondolewa SSL VPN. Inabaki IPsec, aina nyingine ya VPN, na humo IKEv2 yenye EAP-MSCHAPv2 (njia ya kuthibitisha kwa jina na nenosiri) haiwezi kuthibitisha watumiaji moja kwa moja kwenye LDAP. Mwenye wafanyakazi wengi wa mbali asimamishe NPS kwanza, aiunganishe kwa RADIUS, aipime na mtumiaji mmoja, ndipo alipie kifaa.