Wiki ya shule ya siku nne: nyota tatu, na Ijumaa ndo imezila hizo mbili

Shule ya wanangu ilihamia ratiba ya Jumatatu mpaka Alhamisi, na kwa vile kila mzazi anayesikia ananiuliza "vipi, inafaa?" wacha niandike yote hapa mara moja. Jina la shule silitaji, napima ratiba sipimi shule. Nyota tatu kati ya tano, ila ukiniuliza kwa mtoto wa sekondari natoa nne, kwa wa chekechea na madarasa ya chini natoa mbili na hizo mbili kwa shingo upande.

Kwanza tuelewane, maana kuna watu wanadhani ni likizo ya bure. Ile siku ya tano haifutwi, masomo yake yanasambazwa kwenye zile nne. Chukua shule inayosomesha masaa sita na nusu kwa siku, kwa siku tano ni masaa 32 na nusu, ukitaka kuyabana yote kwenye siku nne kila siku lazima ifike masaa nane na kidogo. Sasa hapo ndo kimbembe, kwa sababu shule nyingi zinarefusha siku lakini hazifiki huko. Marekani, ambako ndo kuna shule nyingi za mtindo huu (zaidi ya 2,000, kwenye majimbo zaidi ya 20), taasisi ya utafiti ya RAND iliangalia mwaka 2021 ikakuta siku zimeongezewa dakika kama 50 tu, na mwisho wa mwaka mtoto wa siku nne amekaa darasani masaa kama 58 pungufu ya mwenzake. Yani masomo yamepunguzwa kimya kimya halafu mzazi anaambiwa tumebadilisha ratiba tu. Kwa hiyo swali la kwanza ukiingia ofisini kwa mkuu wa shule sio "Ijumaa mnafunga?", muulize masaa kwa mwaka ni mangapi, akianza kuzungukazunguka ujue jibu lake halipendezi.

Na hilo la masaa sio ubishi wa wazazi wanaopenda lawama. Watafiti wa huko huko wamekuta matokeo ya hesabu na kusoma yanashuka kidogo kwenye siku nne, na yanashuka zaidi pale masaa yalipokatwa, pale yalipolindwa tofauti ni ndogo au haionekani. RAND nao walisema watoto wa siku nne wanaendelea mbele kama kawaida ila kwa mwendo wa taratibu kuliko wenzao, sasa hicho ndo kitu ambacho muhula wa kwanza hukioni, mtoto anakuja na ripoti nzuri unafurahi, pengo linajijenga polepole.

Haya, mazuri. Mwanangu mkubwa anapenda na ana sababu za maana. Vipindi virefu vimemfaa hasa kwenye sayansi, zamani wanapanga vifaa vya maabara, wanawasha, kengele imelia, wanakunja kila kitu jaribio halijaisha, sasa hivi wanaanza na kumaliza na ticha anapata muda wa kuuliza kwa nini imetoka hivi na sio vile. Ijumaa analala mpaka mwili ukubali wenyewe, akiamka anasoma vya kwake. Mambo ya daktari wa meno na makaratasi ya ofisi za serikali tumeyasukumia huko, haruki kipindi tena. Jimbo la Oklahoma, huko huko Marekani, walipopima shule zao za siku nne walikuta uonevu na ugomvi kati ya wanafunzi umepungua, hilo mie naliamini kabisa.

Walimu ndo wamefaidi kuliko wote na siwaonei wivu. Mwalimu anasahihisha Ijumaa mchana badala ya Jumapili usiku, na anayekuja Jumatatu unamwona kabisa amepumzika. Shule za vijijini Marekani zimeitumia ratiba hii kama chambo, mishahara hawawezi kushindana na miji basi wanatoa siku. Ila chambo kinafanya kazi pale jirani hana, wote wakiwa nacho mwalimu anarudi kuangalia mshahara.

Suala la kuokoa hela ndo linanichekesha. Kila kikao cha wazazi hoja ya kwanza ni "tutapunguza gharama". Historia yake ni hiyo hiyo kweli, miaka ya 1970 mafuta yalipopanda shule za Marekani zilibana siku ili zipunguze mafuta ya mabasi na ya kupasha joto madarasa. Lakini hela nyingi ya shule popote pale iko kwenye mishahara, na mshahara wa mwalimu haupungui kwa sababu kafundisha siku nne ndefu. Unachookoa ni basi siku moja, jiko siku moja, umeme kiasi. Mwaka 2011 zilipigwa hesabu kwenye wilaya za shule za Marekani (yani kundi la shule zilizo chini ya uongozi mmoja) zilizohamia huko, akiba halisi ikaonekana kati ya asilimia 0.4 na 2.5 ya bajeti. Sio haba, lakini sio ile ya kutuimbia kikao kizima.

Tuje kwa mdogo. Huyu siku ndefu inammaliza. Kipindi cha mwisho, kwa maneno ya mwalimu wake mwenyewe, ni cha kuchora na hadithi tu, maana ukimwekea hesabu saa ile anakuangalia na penseli iko mdomoni. Kwa hiyo yale masaa yapo kwenye karatasi ila nusu saa ya mwisho haina mtu ndani. Nyumbani akifika anakula amefumba macho, homuweki inageuka vita. Halafu anakaa siku tatu bila kusoma chochote, Jumatatu ile sauti ya herufi aliyoijua Alhamisi imekimbia. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kidogo kidogo kila siku, mkupuo haumfai, na hili nitabishana na yeyote.

Na Ijumaa yenyewe anakaa na nani? Waajiri wetu hawajaambiwa kwamba wiki imefupishwa. Mwenye bibi nyumbani ameokoka, mwenye kazi ya kukaa kwenye kompyuta anajibanza, aliyebaki analipa mtu, yani ile gharama ambayo shule imeitua imebebwa na mzazi, tena zaidi na mama. Mtoto aliyekuwa anategemea chakula cha shule naye anakosa sahani siku nzima. Na vijana wakubwa wasio na mtu nyumbani ni habari nyingine, vijijini kwenye jimbo la Colorado, Marekani, utafiti ulikuta makosa ya vijana, hasa wizi, yaliongezeka kwa karibu asilimia 20 baada ya kuhamia siku nne. Shule yetu ilitangaza "programu ya Ijumaa", kumbe ni ukumbi umefunguliwa na mwalimu mmoja wa zamu anaangalia watoto wasiumizane. Hapo ndo nyota zangu mbili zilipoenda.

Ufaransa wamelizungusha hili mpaka basi. Mwaka 2008 shule za msingi waliondoa Jumamosi, na Jumatano tayari walikuwa hawasomi, zikabaki siku nne, 2013 wakasema watoto wanachoka siku ni ndefu mno wakarudisha nusu siku, 2017 wakaruhusu miji ijichagulie na mingi ikarudi siku nne. Wao lakini wanakata Jumatano katikati, sio mwisho wa wiki, mtoto anapumua kabla hajachoka kabisa. Kwa wadogo ningeichukua hiyo leo hii, ingawa kwa mzazi mwenye kazi shida ni ile ile.

Jimbo la Missouri, Marekani, nako, baada ya wilaya moja kubwa ya shule ya mjini kuhamia siku nne mwaka 2023, jimbo lilipitisha sheria mwaka uliofuata kwamba wilaya za maeneo makubwa ya mijini lazima ziwapigishe kura wananchi kwanza. Hiyo naipenda. Sisi tuliletewa tangazo kwenye grupu la wazazi usiku, limeshapangwa, "tunaomba ushirikiano wenu".

Kama mwanao yuko sekondari, anajisimamia, na nyumbani kuna mtu, mpeleke. Kama yuko madarasa ya chini, kabla hujalipa chochote nenda pale shuleni siku ya Ijumaa bila kuaga, uone nani yupo na wanafanya nini. Wangu mkubwa anabaki. Mdogo nimeshamwombea nafasi shule ya siku tano, tunasubiri majibu.