Kifuniko cha mvua cha kamera kutoka kwa fundi wa Moshi: tathmini baada ya msimu mzima wa masika

Kifuniko ninachokitathmini hapa kimeshonwa Moshi, kwenye kibaraza kilicho jirani na soko la Mbuyuni, na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza hema, mabegi na makoti ya mvua ya wapagazi wa Kilimanjaro, au wagumu kama wanavyoitwa huku. Nilimlipa shilingi 35,000 za ufundi, juu ya shilingi 8,000 nilizonunulia koti la mtumba soko la Memorial ili kupata kitambaa. Nimekitumia kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi mwisho wa Mei, yaani masika yote, katika harusi, misiba, sherehe za kipaimara, safari tatu za maporomoko ya Materuni na siku nzima ndani ya msitu ulio juu ya lango la Machame. Naandika kwa kirefu kwa sababu wenzangu wa Moshi na Arusha wananiuliza swali lile lile: je, kitu cha fundi wa mtaani kinaweza kukabidhiwa kamera ya mamilioni? Kwa mvua inayoshuka kutoka juu, ndiyo. Kwa maji yanayorushwa kutoka chini, hapana, na tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Zamani tulikuwa na njia rahisi. Ulichukua mfuko wa rambo, ukatoboa tundu la kupitishia lenzi, ukakaza kwa raba bendi, kazi ikaendelea. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, uamuzi ninaouunga mkono kwa dhati, maana nimepiga picha za kutosha za mitaro iliyozibwa na mifuko ile. Hata hivyo mfuko uliochukua nafasi yake haufai kwa kazi hii, kwa kuwa hupitisha maji kama chujio. Wengi wetu tulibaki na mwavuli wa kushikiwa na mtu, na mwavuli ndio ulioniponza Aprili ya mwaka jana.

Tulikuwa msibani Kibosho, tumeshafika makaburini, mvua ikashuka kwa upepo. Kijana aliyenishikia mwavuli alijitahidi, lakini maji yalikuja kwa mshazari na kutuama juu ya kamera, pale pa kupachikia flashi, ambapo pana vyuma na mianya midogo ambayo jicho halioni. Nilirudi kwenye gari, nikaifuta, nikasubiri saa moja, nikaiwasha. Kuiwasha ndilo lililokuwa kosa. Fundi wa kamera alipoifungua alinionyesha doa la kijani kwenye bodi ya umeme, mahali ambapo maji na umeme vilikutana na shaba ikaliwa. Kama ningetoa betri na kadi papo hapo, nikafungua vifuniko vyote vya pembeni na kuiacha mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa bila kuigusa, ingekuwa na nafasi ya kupona. Wale wanaoshauri kuizika kwenye mchele nawaomba waache, kwa sababu mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani ya mashine, na vumbi lake huongeza tatizo la pili.

Kamera ile ilikuwa imetangazwa na watengenezaji kuwa inahimili unyevu, na maneno hayo niliyaamini kupita kiasi. Upo utaratibu wa kimataifa wa kupima uwezo wa chombo kuzuia vumbi na maji, unaoandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, na kamera nyingi zinazosifiwa kwa kuhimili hali ya hewa hazina tarakimu hizo kabisa. OM System OM-1 ni mojawapo ya chache zilizopimwa, nayo ina alama ya IP53. Tarakimu ya pili, yaani 3, ina maana kwamba chombo kimepimwa kwa maji ya kunyunyiza yanayotoka juu hadi pembe ya nyuzi 60 kutoka wima. Maji yanayoruka kutoka kila upande ni kipimo cha 4, na kuzamishwa ni cha 7. Kwa hiyo hata kamera iliyopimwa kwa haki inaweza kuwa imepimwa kwa mvua ya kutoka juu tu. Isitoshe, uimara wa kamera hauna faida ikiwa lenzi iliyopachikwa haina mpira wa kuzuia maji kwenye shingo yake, na lenzi inayorefuka unapovuta picha karibu hunyonya hewa kila inaporefuka, pamoja na unyevu uliomo.

Basi nikaenda kwa fundi. Kwanza nilitafuta koti pale Memorial, na hapo nawashauri mchukue muda. Mwaga matone machache ya maji juu ya kitambaa, kisha usugue upande wa ndani kwa kidole gumba: matone yakibaki yamejiviringisha bila kulowa, na upande wa ndani usipochubuka wala kunata, kitambaa bado kina uhai. Makoti mengi ya mtumba yanapendeza kwa nje huku utando wa ndani umeshaanza kulainika na kubanduka kama ngozi ya kidonda. Hayo yaache yalipo. Nililochagua lilikuwa la kijivu, jepesi, bila bitana.

Nilipomkabidhi fundi koti na kumwonyesha kamera, hakuuliza ni ya aina gani. Aliishika, akaipima uzito mkononi, akaomba nimwonyeshe jinsi ninavyoweka vidole ninapopiga picha. Nikamwambia, “Shikamoo tena mzee, naomba mishono iwe michache.” Akacheka, akaitikia, kisha akasema, “Kijana wangu, sindano ikipita, maji nayo yanaijua njia. Tutakata kipande kimoja kwa juu, mishono yote ishuke pembeni.” Katika muda wote niliotumia kifuniko hiki, sijaona uamuzi bora kuliko huo. Mgongo wote wa kifuniko, kuanzia mbele ya lenzi hadi nyuma ya kamera, ni kipande kimoja kisicho na tundu hata moja la sindano. Mbele pana kamba ya lastiki yenye kibanio, inayokazwa nyuma kidogo ya ukingo wa hudi, yaani kile kikingo kinachovishwa mbele ya lenzi. Pembeni pana mikono miwili mifupi ya kuingizia mikono yangu, na nyuma pana dirisha la plastiki angavu lililokatwa kwenye nailoni ile ya kutandika mezani.

Kabla ya kuweka kamera ndani nilikijaribu nyumbani, na naomba kila atakayeshonewa afanye vivyo hivyo. Nilichukua chupa ya ukubwa wa kamera, nikaizungushia karatasi za tishu, nikaivisha kifuniko na kuimwagia maji kwa ndoo ya kumwagilia bustani kwa dakika 20. Nilipokivua, tishu ya juu ilikuwa kavu kabisa, lakini palikuwa na madoa mawili ya ukubwa wa kucha mahali mkono wa kulia ulipoungana na ubavu. Nilirudi na tishu ile mkononi. Fundi aliitazama kwa makini, akageuza kifuniko nje ndani, akapaka mishono yote gundi anayozibia hema za mlimani, akaniagiza nikianike kivulini siku mbili ndipo nikitumie. Hakudai shilingi hata moja ya ziada. Jaribio la pili halikuacha doa lolote.

Katika mvua ya kweli kifuniko kimefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Harusi moja ya baada ya Pasaka ilikumbwa na mvua kuanzia kanisani hadi ukumbini, na nilipiga picha nje kwa karibu saa nzima huku maji yakitiririka juu ya mgongo wa kitambaa na kudondokea mbali na mikono yangu. Kwa sababu mikono inaingia ndani, vidole hukuta vitufe kwa kupapasa, na baada ya siku tatu nne nilizoea. Kitambaa chepesi hakipigi kelele ya plastiki inayowafanya watu msibani wageuke kukutazama, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Hudi ya lenzi, ambayo wengi huiacha nyumbani, imekuwa mshirika wa lazima: hutia kivuli na pia huzuia matone yasifike kwenye kioo cha mbele, ilimradi uelekeze kamera sambamba na ardhi au chini kidogo. Nilibeba vitambaa laini vitatu mfukoni, kila kimoja kwenye kimfuko chake, kwa kuwa kitambaa kilicholowa hupaka maji badala ya kuyafuta.

Udhaifu wake wa wazi ni dirisha la nyuma. Pumzi huligandia ukungu, na jioni ya baridi pale msituni Machame plastiki ile ilikakamaa hadi nikawa naona menyu ya kamera kwa shida. Kupaka sabuni ya vyombo kidogo sana na kuifuta hadi isionekane hupunguza ukungu kwa muda, lakini plastiki hiyo imeshaanza kupata mikwaruzo na naona itahitaji kubadilishwa kabla ya vuli.

Sasa Materuni. Maporomoko yale, huko Uru, yana urefu wa takribani mita 80, na wakati wa masika maji hupiga mwamba kwa nguvu kiasi kwamba ukiwa umesimama mbali bado unahisi vumbi la maji usoni. Maji hayo hayashuki. Hupanda, huzunguka na kuingia popote. Kifuniko changu kiko wazi kwa chini ili nipate kubeba kamera na kuiweka kwenye stendi, na mlango huo huo ndio uliopitisha unyevu. Baada ya dakika 15 nilikuta tumbo la kamera limelowa kabisa ingawa mgongo ulikuwa mkavu. Nilijaribu tena safari ya pili nikiwa nimefunga kitambaa kwa chini, nikapata nafuu ndogo. Safari ya tatu nilipiga picha nikiwa nyuma ya mti, mbali, kwa lenzi ndefu, na picha zikawa nzuri zaidi kwa sababu kioo kilikuwa safi. Anayetaka kusogea hadi ukingoni mwa bwawa lililo chini ya maporomoko atafute chombo kilichofungwa pande zote, au atumie simu iliyopimwa kwa maji na aiache kamera ndani ya begi.

Lipo pia jambo ambalo kifuniko chochote, cha fundi au cha kiwandani, hakiwezi kulizuia, nalo ni unyevu wa hewa yenyewe. Kitambaa cha namna hii hakipumui. Ukitoka msituni kwenye baridi ukaingia ndani ya nyumba yenye joto hapa mjini, hewa ya joto hugusa chuma cha baridi na unyevu wake ukageuka matone ya maji juu yake na hata ndani ya lenzi. Funga kamera ndani ya begi ikiwa bado nje, na usifungue mpaka begi lote limepata joto la chumba. Usiiache ikilala ndani ya kifuniko kilicholowa hata usiku mmoja. Mwenzangu wa Arusha alifanya hivyo msimu mzima, na lenzi yake imeota fangasi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoonekana ukimulika kwa tochi kutoka nyuma. Mimi huhifadhi vifaa ndani ya kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na vifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo. Nalenga kati ya asilimia 40 na 50, na silika ikibadilika rangi naikausha kwa joto la wastani na kuirudisha kazini.

Kuhusu vifuniko vya kiwandani, nimewahi kutumia viwili. OP/TECH Rainsleeve huja viwili katika pakiti, ni vya plastiki angavu, vyepesi, na unaona kila kitufe, sifa ambayo changu hakina. Lakini hupasuka kwenye tundu la kamba, na kikipasuka hakishoneki. Think Tank Hydrophobia ni kazi ya daraja la juu kabisa; mishono yake imezibwa vizuri na kipande chake cha jicho hupachikwa kwenye kamera ili uchungulie bila kupitia dirisha. Kipande hicho hununuliwa peke yake kulingana na aina ya kamera, na kukipata ukiwa Moshi ni safari ndefu. Mwenye fedha na subira anunue. Kwa anayeanza, au mwenye kamera mbili tofauti, ningemtuma kwa fundi bila kusita, kwa sharti la kufanya lile jaribio la tishu.

Nimeshaagiza cha pili, cha lenzi yangu ndefu. Nimeomba sehemu ya chini iwe na zipu inayofungwa kuzunguka kichwa cha stendi, mkono wa kulia uwe mpana zaidi kwa sentimita tatu, na dirisha lishonwe kwa namna ambayo plastiki inaweza kubadilishwa bila kugusa kitambaa. Fundi alichora yote kwa chaki juu ya meza, akafuta mstari mmoja, akauchora upya, akaniambia nilete kamera Ijumaa aipime ikiwa juu ya stendi.