LibreOffice kwa mhariri wa vitabu: nimeisoma mpaka leseni yake

Kazi yangu ni kuhariri vitabu. Mswada unaingia kwangu na kurasa mia tatu, tanbihi zimezagaa, sura mbili zina namba moja, na unatakiwa utoke ukiwa tayari kwa mpiga chapa. Kwa miaka sita niliifanya kazi hiyo ndani ya programu moja ya kuandikia miswada mirefu, programu nzuri, niliyoinunua kwa malipo ya mara moja. Nasema niliinunua kwa sababu ndivyo risiti ilivyosema.

Kampuni iliyoitengeneza ikauzwa kwa kampuni nyingine. Miezi michache baadaye seva ya kuhakiki leseni ikazimwa, na asubuhi moja nilipoibofya ile programu kikanijia kidirisha cha kijivu: leseni haikuweza kuthibitishwa. Kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kufunga. Ndani ya kompyuta yangu kulikuwa na mswada wa kurasa 312, nimebakiza sura mbili, umehifadhiwa kwa muundo usiojulikana na programu nyingine yoyote. Nikaandika barua pepe tatu. Jibu lilipokuja lilinipeleka kwenye kifungu cha mkataba nilioukubali siku ya kusakinisha: sikununua programu, nilipewa ruhusa ya kuitumia, na mtoaji aliweza kuisitisha ruhusa hiyo. Kazi ile niliirudia kutoka kwenye nakala ya PDF niliyokuwa nimemtumia mwandishi, tanbihi 140 nikizichomeka kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana tathmini yangu ya LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi za kuandikia hati, majedwali na mengineyo, inaanzia kwenye leseni. Kasi na sura ya vitufe nitavifikia.

Inatolewa chini ya Leseni ya Umma ya Mozilla, toleo la 2.0, na maandishi yake unayakuta kwenye menyu ya msaada. Niliyasoma yote, mara mbili, na kalamu mkononi. Unaruhusiwa kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuinakili, kuifungua uone ilivyoundwa, kuirekebisha na kuigawa. Ukibadilisha faili la msimbo (maelekezo yanayoiunda programu) lililo chini ya leseni hiyo kisha ukalisambaza, lazima utoe na msimbo wake kwa leseni ileile. Mafaili mengine uliyoyaandika mwenyewe na kuyaunganisha humo, hayo ni yako na uamuzi ni wako. Ruhusa inamwondoka anayevunja masharti, na masharti yenyewe yanamhusu anayesambaza. Mtu anayeandikia tu kama mimi hana sharti la kuvunja, wala hakuna seva inayosubiriwa iseme ndiyo kila asubuhi.

Jambo lililonituliza zaidi, hata hivyo, nililipata kwenye historia yake. Programu hii asili yake ni StarOffice, iliyotoka kwa kampuni ya Star Division ya Ujerumani. Sun Microsystems waliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 wakaufungua msimbo wake kwa jina la OpenOffice.org. Kila aliyetaka kuchangia msimbo alitakiwa kutia saini mkataba wa kuwagawia Sun hakimiliki ya mchango wake. Oracle wakainunua Sun mwaka 2010, na hakimiliki zote hizo zikahama pamoja na viti na meza. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo kundi la wachangiaji likajitoa na kutangaza The Document Foundation, taasisi yao wenyewe ya kuisimamia programu. Waliondoka na msimbo, kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha kuufungua na ruhusa iliyotolewa hairudishwi. Jina hawakuweza kuondoka nalo, kwa kuwa jina ni alama ya biashara, na alama ya biashara ni haki nyingine kabisa. Ndipo likapatikana jina LibreOffice.

Ninakaa hapa kwa sababu watu wengi husema "haki miliki" kana kwamba ni kitu kimoja. Hakimiliki inalinda maandishi ya msimbo yenyewe, hataza inalinda uvumbuzi, alama ya biashara inalinda jina na nembo. Mwaka 2010 msimbo ulihama na jina likabaki, na mamilioni ya watumiaji wakaendelea na kazi zao. Programu yangu ya zamani ilipouzwa hakukuwa na mtu yeyote duniani mwenye haki ya kufanya hivyo kwa niaba yetu.

Na leo The Document Foundation haiwadai wachangiaji hakimiliki zao. Kila mmoja anabaki na yake, anatamka tu kwamba mchango wake unaweza kutolewa kwa leseni zilizotajwa. Maana yake hakuna mnunuzi anayeweza kutia saini karatasi moja akaufunga msimbo wote kwa mkupuo. Angelazimika kuwaomba wachangiaji mmoja mmoja, na idadi yao ni kubwa mno. Ulinzi huo kwangu unapita mkataba wowote wa huduma niliowahi kusaini.

Oracle waliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, shirika la programu huria, mwaka 2011, na huko ikapewa Leseni ya Apache 2.0, ambayo ni legevu zaidi: chukua msimbo, rekebisha, funga ukipenda, mradi utunze matamko ya umiliki. Matokeo yake njia ikawa ya upande mmoja. LibreOffice inaweza kuchota kutoka Apache, lakini Apache haiwezi kuingiza msimbo wa LibreOffice bila kuvunja kanuni zake za leseni. Rafiki yangu mmoja mwandishi wa programu hunibishia kwamba leseni ya Apache ndiyo yenye uhuru wa kweli, maana haimlazimishi mtu chochote. Kwa vipande vidogo vya msimbo vinavyotakiwa kuenea kila mahali namkubalia. Kwa chombo ninachohifadhia kazi za watu wengine, nataka anayekirekebisha na kukisambaza alazimike kuniachia mlango wazi. Tumebishana mara nyingi juu ya hilo na sijarudi nyuma.

Kiswahili, kwa bahati njema, kinatupa maneno mawili, bure na huru, kwa hiyo hatuna sababu ya kuyachanganya. LibreOffice ni huru, tena inapatikana bure, lakini mtu anaruhusiwa kuiuza, na wapo wanaoiuza pamoja na huduma ya msaada. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, alipoutangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 alikuwa anapigania haki ya mtumiaji kuifungua na kuirekebisha programu yake, na hakupinga mtu kutoza pesa. Anayeniuliza "kwa nini utumie kitu cha bure kwa kazi ya maana" namrudisha kwenye neno la pili.

Waandishi nao wana hofu yao. Mmoja alinipigia simu usiku baada ya kusikia kwamba ninahariri kwa programu huria. "Dada, sasa kitabu changu kitakuwa cha kila mtu? Watakichukua tu?" Sikumcheka, kwa sababu swali lake lina mantiki: leseni inasema atakayebadilisha atoe. Nilimweleza kwamba leseni inaifunga programu, haikifungi kinachoandikwa kwa programu. Seremala akiazimwa nyundo, kabati linabaki la seremala. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuuliza, yaani fonti. Fonti nazo zina leseni, na huko ndiko mchapishaji anakoweza kuumia asipoangalia, kwa sababu kuna fonti zinazoruhusiwa kwenye skrini tu na hazina ruhusa ya kupachikwa ndani ya kitabu cha kielektroniki. Kitabu chake tulikipanga kwa fonti yenye Leseni ya Fonti Huria ya SIL. Leseni hiyo inaruhusu kuipachika fonti ndani ya kazi ya kuuzwa, inakataza kuiuza fonti peke yake, na inatamka wazi kwamba hati iliyoandikwa kwa fonti hiyo haifungwi na leseni yake. Nikamsomea kifungu hicho kwa simu, polepole. Akalala.

Sasa kazi yenyewe. Ninatumia Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, kila siku, na kitu kinachonifanya niipende ni mitindo. Aya, vichwa, kurasa, orodha, kila kimoja kina mtindo wake, na ukishaupanga vizuri mswada wa kurasa mia nne unaugeuza sura kwa mibofyo michache. Mitindo ya kurasa hasa ni hazina: ukurasa wa kwanza wa sura bila namba, wa kushoto na wa kulia pambizo tofauti, yote yanafuatana yenyewe. Hati kuu ya kuunganisha sura zilizo kwenye mafaili tofauti nimeitumia kwa vitabu vinne na haijaniangusha. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili imo. Viambishi vyetu bado inavisumbukia, na vitenzi vingi vilivyonyambuliwa inavipigia mstari mwekundu, kwa hiyo nimejiongezea maneno yangu mwenyewe kwa mamia.

Kuhusu mafaili ya Word, ukweli ni kwamba mengi yanafunguka vizuri. Fonti ya Carlito ina upana uleule wa herufi za Calibri, na Caladea vivyo hivyo kwa Cambria, kwa hiyo mistari haihami hata kama fonti asilia huna. Lakini michoro ya SmartArt utaiona tu, kuihariri ni taabu, na macro (amri za kujiendesha) zilizoandikwa kwa VBA, lugha ya programu za Microsoft, nyingine zinafanya kazi na nyingine zinakataa. Niliwahi kurudishiwa mswada wenye mabadiliko yaliyofuatiliwa ndani ya majedwali, mimi nikiona hivi na mwandishi kwenye Word yake akiona vingine. Tulipoteza siku nzima tukilinganisha seli kwa seli. Tangu hapo majedwali nayahariri kwenye faili lake la pembeni.

Base, sehemu ya hifadhidata, sikushauri kabisa kwa kazi ya uzito. Programu inafunguka polepole kwenye kompyuta yangu ya zamani. Watu wawili kuandika kwenye hati moja kwa wakati mmoja haiwezekani kwenye toleo la kawaida la kompyuta. Kuna Collabora Online iliyojengwa juu ya msimbo huohuo, ila inahitaji seva na mtu wa kuitunza. Na ukikwama, The Document Foundation haikuuzii msaada. Unauliza wanajamii, au unalipa kampuni mojawapo inayofanya kazi hiyo. Hitilafu niliyoiripoti kuhusu namba za tanbihi ilikaa miezi kadhaa. Tofauti ni kwamba niliweza kuona nani ameisoma, nani amejaribu kuirudia kwenye kompyuta yake, na siku gani imerekebishwa.

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imeliwa na majedwali.

Kabla hujaamua, fanya jaribio hili dogo. Chukua hati yako ya ODT, muundo ambao Writer huhifadhia hati, inakili, ubadilishe herufi za mwisho za jina lake ziwe "zip", kisha uifungue. Utakuta mafaili ya kawaida kabisa. Lililoitwa content.xml ndilo lenye maneno yako. Lifungue kwa programu yoyote ya maandishi na, katikati ya alama za pembe, utaziona sentensi zako zinasomeka, tanbihi zikiwa palepale zilipochomekwa. Mitindo iko kwenye styles.xml. Picha ziko kwenye folda yake. Muundo huu ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, tangu 2006, na maelezo yake yamechapishwa, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuandika programu ya kuusoma bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mara ya kwanza nilipolifanya jaribio hilo nilikaa kimya kwa muda mrefu, nikizikumbuka zile tanbihi 140.

Mwezi uliopita alinijia mwandishi mzee, mwalimu mstaafu, na CD iliyokwaruzika. Humo mlikuwa na mswada wake wa mwaka 2003, faili la SXW, muundo wa OpenOffice.org ya kwanza kabisa. Alikuwa amekwisha kuambiwa na watu wawili kwamba halitafunguka tena. Nililinakili kwenye kompyuta yangu, nikalibofya, na baada ya sekunde chache ukurasa wa kwanza ukatokea, na kichwa cha habari, na tanbihi chini ya mstari wake.

"Mwalimu, limefunguka."

Akavaa miwani, akasogea kwenye skrini, akaisoma aya ya kwanza kimyakimya. Kisha akaninyoshea kidole neno moja kwenye mstari wa nne. Alisema lile alitaka kulibadilisha tangu siku alipoliandika.